Kutafiti kasoro ya lugha ndani ya lahaja: mwongozo kutoka Kusini mwa Marekani

Mtoto wa miaka 5 mjini Baton Rouge, Louisiana, akisema “My mama nice”, hajakosea kitu. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi kitenzi “is” kinaweza kuachwa mahali hapo, tena kwa kanuni ambazo mwanaisimu William Labov alizichambua tangu 1969. Tatizo ni kwamba mtoto mwenye kasoro ya ukuaji wa lugha, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza na kutumia lugha, naye huacha “is”, awe Mweusi au Mzungu, awe wa Louisiana au wa Iowa. Sentensi ni ileile, sababu ni mbili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitenganisha, kuanzia kuunda makundi ya watoto hadi kusoma takwimu. Umeandikwa kwa wanafunzi wa isimu na wa tiba ya usemi, na kwa yeyote anayetaka kuielewa mbinu hii kabla ya kuihamishia kwenye lahaja nyingine.

Kwanza uelewe njia unayoiacha na ile unayoifuata. Njia ya zamani ilimpima kila mtoto kwa Kiingereza sanifu, na watoto wengi wasio na shida wakaandikwa kuwa wana kasoro. Chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani, ASHA, kilitoa msimamo mwaka 1983 kwamba hakuna lahaja ya Kiingereza iliyo kasoro. Baada ya hapo watafiti wengi wakahamia upande wa pili: kila kipengele ambacho lahaja inatofautiana na Kiingereza sanifu kikawekwa kando, wakabaki na vile ambavyo lahaja zote hushiriki, kama viunganishi na vihusishi. Njia hiyo ni salama, ila inatupilia mbali mali. Kazi za watafiti Mabel Rice na Kenneth Wexler katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa kwa watoto wanaokua na Kiingereza, kasoro hujitokeza sana katika viambishi na vitenzi vya wakati na upatanisho, kama -ed, -s na “is”, na hivyo ndivyo hasa vinavyotofautiana kati ya lahaja na lahaja. Ukivifuta, umefuta ushahidi wako.

Njia ya tatu, inayohusishwa zaidi na Janna Oetting na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, inasema kasoro itafutwe ndani ya lahaja. Mtoto analinganishwa na watoto wa lahaja yake, na vipengele vyote vinahesabiwa, vile vya lahaja vikiwemo. Msomaji wa Mombasa ataelewa haraka: mtoto wa pale akisema “mtele”, huwezi kujua kama ana shida ya kutamka “ch” kwa kumpima na mtoto wa Unguja anayesema “mchele”. Unampima na watoto wa mtaa wake.

Hatua ya 1: Ijue lahaja kwa viwango vyake, si kwa orodha tu

Anza kwa kuandika vipengele vya lahaja unayoichunguza, kila kimoja na mfano. Kwa Kiingereza cha Wamarekani Weusi orodha ya watoto itakuwa na vitu kama hivi:

– “is” na “are” kuachwa: “She nice”, “They running”
– “be” ya mazoea: “They be playing”, yaani huwa wanacheza
– nafsi ya tatu bila -s: “He walk”
– wakati uliopita bila -ed: “Yesterday he walk home”
– umilikishi bila -s: “my mama house”
– “was” kwa nafsi zote: “They was mad”
– ukanushi wa zaidi ya mara moja: “He don't got none”
– “had” ya kusimulia tukio moja tu lililopita: “One day I had went to the store”

Kosa la wanaoanza ni kudhani orodha hiyo ndiyo lahaja. Wazungu wa vijijini Louisiana nao wana “They was”, wana “He don't”, wana ukanushi wa mara mbili, na mara nyingine wanaacha “are”. Tofauti kubwa kati ya lahaja hizi mbili iko kwenye viwango: mara ngapi kwa kila nafasi, yaani kila mahali ambapo kipengele kingeweza kutumika, na nafasi zipi. Kwa hiyo kando ya kila kipengele acha safu ya kiwango, uijaze kutokana na data ya watoto wa kawaida wa eneo lako. Usiazime viwango vya watu wazima. Watoto wa miaka 4 hadi 6 wana sarufi inayoendelea kujengeka, na maelezo yaliyopatikana kwa vijana wa mitaa ya Detroit au New York hayatoshi.

Usitumie rangi ya ngozi kama jina la lahaja. Kwenye pwani ya South Carolina na Georgia kuna jamii zenye asili ya Gullah, krioli ya Kiingereza ya wazawa wa watumwa wa Kiafrika, na watoto wao wana namna za kutumia “be” ambazo hazilingani na za watoto Weusi wa ndani ya Louisiana. Ukiwachanganya kwa kuwa wote ni Weusi, tofauti za lahaja zitaingia kwenye hesabu zako zikijifanya tofauti za kasoro.

Hatua ya 2: Vibali na watu

Kibali cha kamati ya maadili ya chuo, kibali cha wilaya ya shule, ridhaa ya maandishi ya mzazi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe kila siku ya kazi. Katika fomu eleza wazi kama sauti itahifadhiwa na nani ataisikiliza, kwa sababu sauti ya mtoto inamtambulisha hata jina likifutwa. Kisha hakikisha angalau mtu mmoja kwenye timu amekua akiizungumza lahaja hiyo. Hii si heshima tu kwa jamii. Bila yeye, makosa ya hatua ya 5 na ya 7 hutayaona.

Hatua ya 3: Unda makundi bila kuzunguka mduara

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kabla hata mtoto mmoja hajarekodiwa. Unataka kundi lenye kasoro na kundi lisilo na kasoro, ndani ya kila lahaja. Lakini nani atasema mtoto huyu ana kasoro, ikiwa vipimo vingi vilivyopo vinaonea lahaja?

Usichukue watoto kutoka kwenye orodha ya kliniki peke yake. Utafiti mkubwa wa Tomblin na wenzake uliochapishwa 1997 kule Iowa na majirani zake ulikuta kasoro hii kwa takriban 7.4% ya watoto wa chekechea, na ni 29% tu ya wazazi wa watoto hao waliosema wamewahi kuambiwa mapema kwamba mtoto ana tatizo la usemi au lugha. Orodha ya kliniki kwa hiyo huwa na wachache waliokwisha kuonekana, mara nyingi wale wenye usemi usioeleweka au wasumbufu darasani. Chuja darasa zima.

Kwa kuchuja na kuthibitisha, tumia kipimo kilichotengenezwa kwa kuzingatia lahaja. Kinachotumika sana ni DELV, kilichotungwa na Harry Seymour, Thomas Roeper na Jill de Villiers. Toleo lake la uchujaji lina sehemu mbili: ya kwanza inaonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na Kiingereza sanifu, ya pili inaonyesha hatari ya kuwa na kasoro. Toleo kamili, la miaka 4 hadi 9, hupima sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana), pragmatiki (matumizi ya lugha) na fonolojia (mfumo wa sauti). Kisha ongeza:

– uchujaji wa usikivu: desibeli 20 kwenye hezi 1000, 2000 na 4000, masikio yote mawili
– kipimo cha akili kisichotumia maneno. Tafiti za zamani zilidai alama 85 au zaidi, lakini makubaliano ya kimataifa ya CATALISE (2016 na 2017) hayadai tena pengo kati ya akili na lugha, kwa hiyo andika unafuata lipi na kwa nini
– uthibitisho kuwa mtoto anaweza kutamka t, d, s na z mwishoni mwa neno, kwa majina ya kawaida kama “bus” na “bed”. Asiyeweza kuzitamka hawezi kupimwa viambishi vinavyotumia sauti hizo
– dodoso la mzazi na la mwalimu kuhusu wasiwasi wao
– elimu ya mama, kwa miaka ya masomo, ili makundi yalingane kiuchumi

Kanuni isiyovunjwa: kipengele utakachokichunguza kisiwe ndicho kilichotumika kumweka mtoto kwenye kundi. Ukiwagawa watoto kwa kipimo cha “is” na “are”, halafu utangaze kuwa makundi yanatofautiana kwenye “is” na “are”, hujagundua chochote.

Watoto wenye lugha mbili wanahitaji utafiti wao. Kusini mwa Marekani siku hizi kuna familia za wakimbizi wa Kongo ambazo nyumbani zinazungumza Kiswahili. Mtoto wa familia hiyo akiacha -s, kuna sababu ya tatu inayoingia, nayo haitatuliwi na hesabu za hapa. Apimwe pia kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Kongo anachokisikia nyumbani.

Hatua ya 4: Rekodi mchezo wa nusu saa

Unahitaji matamko kamili na yanayoeleweka 100 hadi 200 kwa mtoto, ambayo kwa kawaida hupatikana katika dakika 20 hadi 40 za kucheza na kuzungumza. Chagua vifaa kwa sarufi unayoitafuta. Gari moja na mwanasesere mmoja vitakupa “he” na “it” tu, na “are” zitakosekana. Weka wanasesere wawili wawili ili “they” ije yenyewe. Seti ya kituo cha mafuta, seti ya pikiniki, mtoto wa kuogeshwa, halafu picha chache za tukio lenye kasheshe zitakazomfanya mtoto asimulie yaliyopita. “Am” ndiyo adimu kuliko zote. Mpe mtoto kazi ya kufanya na umuulize anafanya nini.

Usiulize maswali ya ndiyo au hapana. Usiulize “Is he sleeping?”, kwani umempa kitenzi mdomoni. Toa maoni, nyamaza hadi sekunde 5, halafu sema “Tell me what happened”. Andika pia lahaja ya mtu aliyecheza na mtoto, kwa kuwa watoto hubadilisha usemi kulingana na aliye mbele yao, na mtumie mtu yuleyule kwa makundi yote.

Sauti: faili la WAV, kilohezi 44.1, biti 16, maikrofoni ya kubana kwenye nguo ya mtoto. Chumba kisiwe na kiyoyozi kinachonguruma. Unachokitafuta ni “z” moja fupi mwishoni mwa neno, na mngurumo huimeza.

Hatua ya 5: Nukuu kilichosemwa, si kilichokusudiwa

Programu ya SALT, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin, na CLAN, inayotumiwa na CHILDES, hazina ya mazungumzo ya watoto, zote ni programu za kunukuu usemi na zinafaa. Chagua moja na ufuate kanuni zake hadi mwisho. Nusu saa ya mchezo inaweza kula saa 3 hadi 5 za unukuzi, panga ratiba kwa hilo.

Mnukuzi aliyezoea Kiingereza cha shule, na hapa wasomi wa Afrika Mashariki tumo, hujaza “is” ambayo haikusemwa. Ubongo unaweka kilichozoeleka. Kosa la upande wa pili ni kuandika kila kitu kama lahaja kwa sababu mtoto ni Mweusi. Dawa ni moja: sikiliza kipande kwa vipokea sauti vya masikioni, mara tatu zisizidi, kisha kama bado huna hakika weka alama ya shaka na umwachie mwenzako. Asilimia 10 hadi 20 ya rekodi zinukuliwe upya na mtu wa pili asiyejua mtoto yuko kundi gani. Makubaliano yakishuka chini ya 90%, usiendelee. Keti na timu, tafuteni kanuni gani haijaeleweka.

Kwa urefu wa tamko, hesabu maneno badala ya mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, kama “walk” na “-ed”. Ukihesabu mofimu, mtoto anayeacha -s na -ed kwa mujibu wa lahaja yake ataonekana ana sentensi fupi kuliko alizo nazo.

Hatua ya 6: Pima uzito wa lahaja ya kila mtoto

Watoto wa lahaja moja hawaitumii kwa kiasi kimoja. Njia ya kawaida ni kuhesabu matamko yenye angalau kipengele kimoja cha lahaja, kisha kugawanya kwa matamko yote: 60 kati ya 150 ni 40%. Njia nyingine ni kuwasikilizisha watu wasiomjua mtoto kipande cha dakika 1 na kuwaomba wapange kwenye mizani ya alama 7. Zifanye zote mbili ukiweza.

Angalizo moja: ukihesabu uzito kwa vipengele ambavyo pia ni dalili ya kasoro, mtoto mwenye kasoro ataonekana ana lahaja nzito, kisha ukidhibiti uzito wa lahaja kwenye takwimu utakuwa umeifuta kasoro yenyewe. Toa kipengele unachokichunguza kwenye hesabu ya uzito.

Hatua ya 7: Weka misimbo ya “be”, nafasi kwa nafasi

Hii ndiyo kazi inayochukua muda mrefu na inayolipa zaidi. Pitia nakala na utafute kila nafasi ambapo am, is, are, was au were ingeweza kuwepo, iwe imesemwa au imeachwa. Kila nafasi iandikwe kwenye mstari wake wa jedwali, na safu hizi: namba ya mtoto, kitenzi kinachotarajiwa, umbo lililosikika, kiima (kiwakilishi au nomino), kinachofuata (nomino, kivumishi, mahali, kitenzi chenye -ing, “gonna”), na mahali katika sentensi.

Safu ya kinachofuata na ya kitenzi ndizo zinazobeba kanuni za lahaja. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, “are” huachwa zaidi kuliko “is”. Mbele ya “gonna” na kitenzi chenye -ing huachwa zaidi kuliko mbele ya nomino. “Am” karibu haiachwi: watu husema “I'm”, hawasemi “I hungry”. “Was” na “were” haziachwi. Mwishoni mwa sentensi pia haiachwi: “I know what it is”, si “I know what it”. Kwa hiyo mtoto anayeacha kwa wingi mahali panaporuhusu, na kushikilia mahali pasiporuhusu, anaonyesha kuwa kanuni anazo. Anayeacha “am”, anayeacha “was”, anayeacha mwishoni, tamko lake halielezwi na lahaja, hata kama jumla yake si kubwa. Jumla pekee ingekuficha hilo.

Sasa mitego, ambayo kila timu hukutana nayo:

“It's”, “that's” na “what's” mara nyingi husikika kama “i's”, “tha's”, “wha's”. Hiyo “s” ndiyo “is”. Weka msimbo kuwa imesemwa, na mistari hii iwe na kundi lake, kwani karibu kila mtoto huisema.

“He's sick” na “He sick” hazitofautiki kwa sikio kwa sababu “z” inayeyuka ndani ya “s” inayofuata. Ondoa nafasi zote ambazo neno linalofuata linaanza na s, z au sh, isipokuwa umelichunguza wimbi la sauti kwa programu ya Praat na ukapata ushahidi.

“They're” na “you're” katika usemi wa Kusini usiotamka “r” hukaribia “they” na “you”. Hapa mzungumzaji wa lahaja ndiye mwamuzi, na pasipo hakika nafasi iondolewe.

Maswali kama “Where you going?” na “You hungry?” yana kundi lake pia, maana hata wazungumzaji wa Kiingereza sanifu huacha kitenzi hapo wakizungumza kwa haraka.

“They be playing” usiihesabu kama “are” iliyokosewa. Ni kitu kingine chenye maana ya mazoea. Ipe msimbo wake, nje ya jumla.

Nyimbo, maneno aliyoigiza papo hapo kutoka kwa mtu mzima, sentensi iliyokatika, na marudio ya tamko lilelile: nje.

Mtoto mwenye nafasi chini ya 5 kwa kitenzi fulani asipewe asilimia ya kitenzi hicho. Nafasi 2, moja imeachwa, ni 50% isiyo na maana yoyote.

Hatua ya 8: Vipengele vingine, na vipi havina faida

-s ya nafsi ya tatu inavutia kwa kuwa ni rahisi kuihesabu, lakini kwa watoto wadogo Weusi wa Kusini haisaidii sana. Wenye kasoro na wasio nayo wote huiacha mara nyingi mno, hakuna nafasi ya kutofautiana. Kwa watoto Wazungu wa eneo hilohilo bado inaweza kufaa. Kipengele kimoja, lahaja mbili, thamani tofauti.

Wakati uliopita unahitaji uangalifu wa sauti. “Walked” huishia na konsonanti mbili, na lahaja nyingi hupunguza ya pili. “He walked to” ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa “t” inayofuata inaimeza iliyotangulia. Tegemea zaidi vitenzi vinavyoishia na irabu, kama “played”, vile vyenye silabi nzima kama “wanted”, na vitenzi visivyo vya kanuni kama “fell” na “ate”. “Falled” ihesabiwe kuwa na alama ya wakati: mtoto amejua wakati uweke alama, ila amechagua umbo jingine. “Had went” nayo vivyo hivyo.

“To” kabla ya kitenzi, kama “I want to eat”, ni kipengele kidogo kisichopewa nafasi kwenye vipimo vingi. Utafiti wa timu ya Louisiana uliochapishwa 2018 ulikuta watoto wenye kasoro wakiiacha zaidi kuliko wenzao katika lahaja kadhaa zisizo sanifu. Jihadhari na “wanna” na “gonna”, ambamo “to” imeshaingia.

Hatua ya 9: Toa alama kwa njia tatu, utumie moja

Chukua mfano wa kubuni. Mtoto ana nafasi 40 za “be”. Katika 22 ametumia umbo sanifu, katika 6 amesema umbo la lahaja linalosikika, kama “they was”, na 12 ameziacha.

Njia ya kwanza huhesabu kila kisicho sanifu kuwa kosa: 22 kwa 40, yaani 55%. Imemwadhibu kwa “they was”, ambayo ni sarufi yake.

Njia ya pili huondoa kila kinachoweza kuwa lahaja, pamoja na zile 12 tupu: 22 kwa 22, yaani 100%. Inaonekana ya haki, na kliniki nyingi huipenda, lakini karibu kila mtoto atapata 100%, mwenye kasoro pia.

Njia ya tatu huhesabu umbo lolote linalosikika kuwa limewekwa, liwe sanifu au la lahaja, na kuacha zile tupu zibaki kwenye hesabu: 28 kwa 40, yaani 70%. Tumia hii. Katika kazi ya Louisiana ya 2021 ndiyo iliyotenganisha makundi vizuri zaidi. Lakini 70% haina maana mpaka uiweke kando ya watoto wa lahaja ileile na umri uleule. Kwa lahaja moja inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa nyingine ikawa dalili. Ripoti njia zote tatu kwenye jedwali ili msomaji aone tofauti.

Hatua ya 10: Ongeza vipimo viwili visivyotegemea sana lahaja

Cha kwanza ni kurudia maneno yasiyo na maana. Orodha ya Dollaghan na Campbell ya 1998 ina maneno 16 ya silabi 1 hadi 4, jumla fonimu (sauti za lugha) 96, nayo imeepuka makundi ya konsonanti na sauti zinazochelewa kukomaa, ambazo ndizo lahaja huzibadilisha zaidi. Gawanya fonimu sahihi kwa 96: akipata 72 ni 75%. Sauti alizoongeza hazipunguzi alama. Cheza rekodi ileile kwa watoto wote. Ukisoma mwenyewe, lafudhi yako inakuwa sehemu ya kipimo.

Cha pili ni kurudia sentensi. Toleo linalotumika sana katika tafiti lina sentensi 16 za maneno 10 kila moja, nusu za kutendwa. Alama 2 kwa isiyo na kosa, 1 kwa makosa 1 hadi 3, 0 kwa makosa 4 au zaidi, jumla 32. Mtoto akiibadili sentensi kuwa ya lahaja yake, “He is running” ikawa “He running”, toa alama mara mbili: kwa kuhesabu badiliko hilo na bila kulihesabu. Zikitofautiana kidogo tu, kipimo kimestahimili lahaja. Zikitofautiana sana, sema hivyo.

Hatua ya 11: Takwimu na kikomo

Usijumlishe nafasi zote za watoto wote kwenye chungu kimoja. Mtoto msemaji mwenye nafasi 120 atawameza watatu wenye 30. Tumia rigresheni lojistiki yenye athari mchanganyiko, yaani hesabu inayokadiria uwezekano wa kitenzi kusemwa huku ikizingatia nafasi zipi ni za mtoto mmoja, kwa kifurushi cha lme4 kwenye programu ya takwimu ya R, mtoto akiwa kigezo cha nasibu. Weka kundi, lahaja, kitenzi na kinachofuata, pamoja na mwingiliano wa kundi na lahaja. Mwingiliano huo ndio unaojibu kama kasoro inajionyesha kwa namna moja katika lahaja zote mbili.

Kisha tafuta kikomo cha alama, yaani alama ambayo chini yake mtoto anahesabiwa kuwa huenda ana kasoro, kwa kila lahaja peke yake. Kigezo cha Plante na Vance cha 1994 bado kinatumika: kipimo kiwakamate angalau 80% ya wenye kasoro na kuwaachia angalau 80% ya wasio nayo, na 90% ndiyo nzuri. Kabla ya kufurahia 80, piga hesabu ya darasani. Kwa watoto 100 ambao 7 wana kasoro, kipimo hicho kitawakamata 5 au 6, na kitawanyooshea kidole wengine karibu 19 wasio na shida. Kwa hiyo andika wazi kuwa kikomo chako ni cha kuamua nani apimwe zaidi, si cha kumpa mtoto jina la ugonjwa.

Kikomo kilichopatikana kwa watoto wa parokia (wilaya za utawala za jimbo hilo) mbili za vijijini Louisiana kisipelekwe Chicago, wala kwa watoto wa miaka 8. Kwenye ripoti taja eneo, umri, elimu ya mama na uzito wa lahaja kwa kila kundi, na uweke kanuni zako za misimbo kama kiambatisho, pamoja na zile nafasi ulizoziondoa na idadi yake kwa kila mtoto. Mtafiti anayefuata atazihitaji hizo kuliko aya zako za majadiliano.